Gari Lisiloingiza Tone

Shangazi alikuwa ameapa, na Shangazi akiapa hata mvua hungoja amalize. Alisema hatakanyaga tena gari la hospitali mpaka lizibwe lisiingize tone, na aliposema tone alionyesha ncha ya kidole chake cha mwisho, asije mtu akajifanya hakuelewa ni tone la ukubwa gani.

Alikuwa na sababu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kikaidi kama mwenyewe. Kilianza kama mkwaruzo, kikakataa kupona, kikakaa mpaka kikawa mwenyeji. Daktari alikuwa amekubali kukikwangua na kukibandika ngozi nyingine, na siku akaipanga. Sharti lake lilikuwa moja tu: kabla ya siku hiyo kisiguswe na maji machafu. Kikilowa kitaoza, na kikioza, daktari hatazungumzia ngozi tena. Atazungumzia mguu.

Sasa hospitali ilikuwa upande huu wa mto, na Shangazi alikuwa upande ule. Daraja lilibebwa na mafuriko, zikabaki nguzo mbili zimesimama majini kama watu waliosahau walichofuata. Tangu hapo lililovusha dawa na wagonjwa ni gari moja kuukuu la hospitali, lile la magurudumu makubwa ambalo yote manne huvuta, na dereva wake alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyeitwa Kobe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo haraka.

Mwaka uliotangulia Kobe alimvusha Shangazi huyo huyo, kwa kidonda hicho hicho. Walipofika katikati ya mto, maji yakaingia garini mpaka magotini. Kidonda kikalowa, kikavimba, daktari akaahirisha kila kitu. Lakini kilichomchoma Shangazi kuliko kidonda ni kwamba Kobe alikiri mwenyewe. "Niliyafungulia, mama. Ilibidi."

"Mmesikia?" Shangazi alikuwa akimwambia kila aliyefika kumjulia hali. "Mtu anamfungulia mwizi mlango, halafu anasema ilibidi."

Watu walicheka sana. Hata Sindano alicheka.

Sindano ni mpwa wa Shangazi, na jina hilo alipewa na watu wa karakana kwa sababu hakukosa sindano kwenye kilemba chake. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa kwa zamu na watu wawili ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa: Shangazi, dada wa baba yake, ng'ambo ile, na Mjomba, kaka wa mama yake, ng'ambo hii. Mjomba alikuwa fundi wa magari. Ndani ya karakana yake, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya matairi, Sindano alikuwa na cherehani yake dirishani, akishona viti vya magari, maturubai na mazulia. Matairi yalishaondoka lakini harufu yao ilibaki, na wateja walisema viti vyake vinanukia safari.

Kulikuwa na jambo moja kati yake na Shangazi ambalo hawakulizungumza. Sindano akiwa msichana wa shule ya msingi alivunjika mguu. Shule ilikuwa ng'ambo hii, nyumba ng'ambo ile. Shangazi akambeba mgongoni, akavuka naye daraja asubuhi na kurudi naye mchana, mpaka mfupa ukaunga. Mtoto yule hakuwa mwepesi. Shangazi alitembea akilalamika njia nzima, kuhusu jua, kuhusu viatu, kuhusu walimu, na hakulalamika hata mara moja kuhusu mzigo.

Kwa hiyo hospitali ilipoleta gari lake karakanani kutayarishwa kwa mto, mvua zikiwa zimeanza juu milimani, Sindano hakungoja kuitwa. Aliacha kiti alichokuwa akishona, akatoka nje akalizunguka gari lile taratibu, akiligusa pembezoni kama mtu anayepima nguo mwilini mwa bibi harusi.

"Usiliguseguse kama unalinunua," alisema Mjomba kutoka chini ya boneti. "Huku mbele ni kwangu. Wewe ndani."

"Nataka kuona mbele pia, Mjomba."

"Njoo basi uone jinsi mtu mzima anavyolindwa asinywe maji."

Mjomba akamwonyesha. Alikuwa amefunga bomba refu la kupumulia, linalotoka ubavuni mwa injini na kupanda kando ya kioo hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa kule juu na si majini. Injini ikinywa maji, alisema, inajaribu kuyakandamiza kama inavyokandamiza hewa, na maji hayakandamiziki. Vyuma vya ndani hupinda na huo ndio msiba. Halafu akamwinamisha chini ya gari. Kila difu, lile bonge la chuma lenye gia za kuzungusha magurudumu, ya mbele na ya nyuma, ilikuwa na kitundu cha kutolea joto. Mjomba alikuwa amevivalisha mipira myembamba na kuipandisha mpaka juu, karibu na lile bomba.

"Difu ikiwa moto ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hushtuka. Si hata wewe ukimwagiwa maji ya baridi mgongoni unavuta pumzi? Nayo huvuta. Sasa kama pua yake iko majini, inavuta nini?"

"Maji."

"Maji. Halafu unafungua difu unakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Nani atainywa?"

Alikuwa amepaka grisi kwenye viungio vya nyaya, amelegeza mkanda wa feni ili panga zake zisiyapige maji zikapinda na kuitoboa rejeta, na amefunga ndoano mbili mbele kwa ajili ya turubai. Turubai hilo lilikuwa kazi ya Sindano. Lingetandwa mbele ya gari kama aproni ya mpishi, liyasukume maji pembeni, ili injini ikae kwenye upenu wake. Alilishona mishono miwili miwili, akaupitisha uzi kwenye nta.

Lakini roho yake ilikuwa ndani, sakafuni, pale mguu wa Shangazi utakapokuwa.

Alianza na milango. Aling'oa mipira yote ya zamani iliyokakamaa kama ngozi ya mamba, akaweka mipya, akaijaribu kwa kufungia karatasi mlangoni na kuivuta: karatasi ikitoka, anarudia. Akapita kwenye kila tundu la waya, kila tundu la pedali, akayajaza gundi ile inayokauka ikawa mpira. Sakafuni alikuta matundu, kila moja la kuingia mdomo wa kikombe cha chai, yamezibwa kwa vizibo vya mpira vinavyocheza kwa uzee. Akatafuta vizibo vingine vinavyobana, akavipaka gundi, akavikandamiza kwa kisigino. Juu yake akatandaza zulia la turubai zito, alilolishona kipande kimoja, na pembe zake akazipandisha ukutani mpaka chini ya vioo, kama beseni. Hakukuwa na mahali maji yangepata pa kuuliza njia.

Karakana ya Mjomba ilikuwa na mtindo wake wa kujaribu kazi za maji. Aliyeziba hufungiwa ndani ya gari na magazeti makavu yaliyotandazwa sakafuni, kisha wenziwe hulimwagia gari maji ya mpira kutoka kila upande, na hufurahi sana kufanya hivyo. Baada ya hapo gazeti moja moja huinuliwa juu ya mwanga. Sindano alipotoka, Mjomba aliinua magazeti yote akayageuza, akayanusa.

"Naweza kuyasoma," akasema. "Hata habari ni kavu."

Kwa Mjomba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kisha akakumbusha sheria ya pili ya karakana, ambayo haikuwa na mjadala: aliyeziba ndiye anayepanda gari linapovuka mara ya kwanza. Mtu akijua ataketi juu ya kazi yake mwenyewe, alisema, hawezi kuzembea kwenye kona.

Kobe alifika kulichukua gari siku ya kuvuka. Alisalimia kila mtu kwa jina lake la utani, akalizunguka gari, akalisifu bomba, akalisifu turubai. Alipofungua mlango wa nyuma akainama kutazama sakafu.

"Dada Sindano, vile vizibo vya chini viko wapi?"

"Chini ya zulia, kaka."

"Na zulia linafunuka?"

"Lifunuke vipi? Nimelishona mpaka ukutani."

Mjomba akaangua kicheko. "Kobe bado anatafuta mlango wa kuyafungulia. Ndugu yangu, mwaka huu maji hayana mwenyeji humu."

Kobe naye akatabasamu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana. Alijiambia kwamba hakuna gari lisilovuja. Ameendesha magari mengi, na yote, hata yale mapya, yaliingiza maji yenyewe kwa kuchelewa kidogo tu. Hakuwa amewahi kuketi ndani ya kazi ya Sindano.

Walipofika mtoni, Shangazi alikuwa tayari ng'ambo ile. Majirani walikuwa wamembeba na kiti chake wakamweka kwenye kivuli cha kibanda kilichohamwa, bendeji ikimeremeta kwa mbali, mfuko wake wa nguo mapajani. Alikuwa amekuja kuthibitisha tone. Sindano akampungia mkono. Shangazi akaonyesha kidole cha mwisho.

Kobe akavua viatu, akakunja suruali, akachukua fimbo yake akaingia mtoni kwa miguu. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote: hakuingiza gari mahali ambapo hakuingiza miguu yake kwanza. Akaenda akipapasa mawe, akisimama, akirudi nyuma, akipapasa tena.

"Huyu alipozaliwa," alisema Mjomba, akijilaza kwenye ukingo, "mkunga alikwenda kula akarudi, bado kimetoka kichwa tu."

Aliporudi, fimbo ilikuwa na alama ya maji. Akaisimamisha kando ya mlango wa gari. Alama ikafika chini kidogo ya kitasa.

"Yanatosha kuogopwa," akasema Kobe. "Hayatoshi kutufanya turudi."

Kisha akaichomeka fimbo ile matopeni pale maji yalipoishia, akaketi.

"Sasa tunangoja nini?" akauliza Mjomba.

"Difu zipoe. Si wewe uliyesema hushtuka?"

Mjomba akaketi naye. Walingoja mpaka Kobe alipoweka kiganja kwenye chuma na kukiacha hapo bila kukunja uso. Mjomba akatanda turubai mbele. Wakapanda, Kobe usukani, Mjomba pembeni yake, Sindano nyuma amepiga magoti juu ya zulia lake, kisu cha kukatia turubai kikiwa kiunoni kama kawaida.

Gari likaingia majini kwa gia nzito, likinguruma sawasawa. Turubai likasukuma wimbi mbele, wimbi likatangulia kama mtumishi anayefungua njia. Maji yakapanda milangoni. Sindano hakuwa akitazama mto. Alikuwa akitazama kona za zulia, mshono kwa mshono, na kona zilikuwa kavu. Yakafika katikati ya mlango; kavu. Alihisi furaha ikimpanda kifuani, akafikiria bendeji nyeupe ikipita hapa ikiwa nyeupe, ikafika kule ikiwa nyeupe.

Ndipo mtikisiko ukakoma. Tangu walipoingia, mawe ya chini yalikuwa yakigonga magurudumu na ule mgongano ulikuwa ukimpanda mpaka kwenye meno. Sasa ukaisha wote. Gari likawa laini.

"Mnaona?" akasema Mjomba. "Kama tuko juu ya godoro."

Kobe akaongeza mafuta. Injini ilikuwa ikilia zaidi na ukingo wa mbele haukusogea. Kisha Sindano akaona zile nguzo mbili za daraja, zilizokuwa kwenye dirisha la kulia, zinahama taratibu kuelekea kioo cha nyuma. Nguzo hazihami. Ni wao waliokuwa wanageuka. Mkia wa gari ulikuwa unakwenda na mto.

"Dada Sindano," akasema Kobe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Toa vizibo."

"Vizibo?"

"Vyote. Gari linaelea."

"Si lielee basi?" akasema Mjomba. "Si ndiyo tulichotaka?"

"Gari linaloelea halina dereva, fundi. Lina mto."

Sindano alilitazama zulia lake. Ule mshono wa pembeni, ule wa chini ya dirisha, alikuwa ameushona akaufumua akaushona tena kwa sababu ulipinda kidogo mahali ambapo hakuna mtu angeona. Akachomoa kisu. Akakita katikati ya zulia, akavuta kuelekea mlangoni, na turubai zito likalia kama nguo inayochanwa kwa hasira. Akalifunua, akakuta kizibo cha kwanza. Akakivuta. Hakikutoka. Alikuwa amekipaka gundi vizuri, yeye mwenyewe, kwa mikono hii hii, na akajikuta anajilaumu na kujisifu kwa pumzi moja. Akapenyeza mgongo wa kisu ukingoni, akaegemea kwa uzito wake wote, kizibo kikaruka na maji yakamfuata usoni, baridi, na mchanga ndani yake.

"Kingine," akasema Kobe.

Akatoa kingine. Na kingine. Mjomba akausukuma mlango wake kwa bega mpaka ukaachia upenyo wa kidole, na hapo nako maji yakaingia kwa vurugu. Yalimfunika Sindano magoti, yakampanda mapajani. Alipapasa chini yake akakipata cha mwisho, akang'ang'ana nacho mpaka kikatoka.

Gari likashuka. Lilishuka kama mtu mzima anayeketi kitini baada ya kusimama mno, kwa mguno. Gurudumu moja la nyuma likagusa jiwe. La pili nalo. Ule mgongano ukarudi, ukampanda Sindano mpaka kwenye meno, na hakuwahi kupenda kitu kama alivyopenda meno yake kugongana pale. "Asante," akasema, na hakujua anamwambia nani, labda jiwe. Kobe akaunyoosha usukani. Nguzo za daraja zikarudi mahali pake, na wakapanda ukingo wa ng'ambo huku maji yakimwagika kutoka kwenye matundu ya chini.

Mjomba alishuka, akaenda chini ya gari, akalegeza nati ya difu, akachovya kidole. Oili ilikuwa safi, ya rangi yake. Injini ilikuwa inapumua vizuri. Kila alichokifanya kilikuwa sawa, na kila alichokifanya Sindano kilikuwa sawa kupita kiasi.

"Mwaka jana," akasema Sindano, akikamua kilemba. "Mwaka jana ilikuwa hivi hivi, kaka?"

"Mwaka jana yalikuwa mengi kuliko leo," akasema Kobe. "Hospitali walikuwa wameweka milango mipya. Likaanza kuelea. Mama alikuwa nyuma na kina mama wengine wawili, mmoja ana mtoto mchanga. Nikafungulia."

"Mbona hukueleza?"

"Nilieleza. Nilisema ilibidi."

Ni kweli, alieleza. Alikuwa ameeleza kwa jinsi yake, maneno machache, na wao wakapata cha kuchekea mwaka mzima. Sindano alikumbuka kicheko chake mwenyewe akaona aibu ikimpasha moto masikio, katika ile baridi.

Kiti cha Shangazi hakikuwa mbali, na Shangazi hakuwa kipofu. Alikuwa ameliona gari likigeuka, ameona maji yakimwagika kutoka chini, na sasa alimwona mpwa wake akija amelowa hadi kifuani.

"Kwa hiyo tone limeingia," akasema.

"Mengi, Shangazi. Nimeyafungulia mwenyewe."

Shangazi akafungua mdomo, na Mjomba aliyekuwa nyuma akajiandaa kwa mvua nyingine. Lakini Sindano aliendelea, akapiga magoti mbele ya kiti, akamweleza yote: magazeti makavu, zulia, vizibo, jinsi gari lilivyokuwa jepesi, jinsi mto ulivyolishika. "Nililiziba kwa ajili yako mpaka nikalifanya boya. Kama tungekuwa na wewe ndani, na mimi sina kisu, sasa hivi watu wangekuwa wanatutafuta huko chini. Mwaka jana kaka Kobe hakukulowesha. Alilikalisha gari chini usichukuliwe na mto."

Shangazi alimtazama Kobe, ambaye alikuwa akijishughulisha na kufuta kioo kisichohitaji kufutwa. Alimtazama kitambo kirefu.

"Kobe."

"Naam, mama."

"Mwaka mzima nimekutukana. Uliyasikia yote?"

"Mengine hayajanifikia bado, mama. Niko polepole."

Shangazi akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, na kikamtikisa mpaka akashika goti la mguu wake mgonjwa. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Basi yakikufika, yarudishe. Yalikuwa yameelekezwa vibaya. Na kwa yule mtoto mchanga, na mimi, ahsante."

"Haya, shemeji," akasema Mjomba, aliyeona hatari ya watu kulia, "shukrani zimepokelewa. Sasa unavukaje?"

Hapo ndipo swali lilipokuwa. Wote wakageuka kuitazama fimbo ya Kobe, ng'ambo kule, iliyochomekwa pale maji yalipoishia. Sasa ilikuwa imesimama majini. Mto ulikuwa unapanda. Kesho, siku ya daktari, usingevukika, na hakuna aliyejua ni lini tena. Gari lazima liingize maji. Mguu lazima usiguswe.

Sindano aliinuka. Alimtazama Shangazi kwenye kiti, akautazama mguu, akatazama vyuma vya paa la gari ambavyo abiria hushikilia. Kisha akaenda garini, akachukua juu ya dashibodi, mahali maji hayakufika, kipande cha turubai kilichosalia, akachomoa sindano kilembani.

Alishona akiwa ameketi chini kando ya kiti. Alikunja turubai mara mbili, akatengeneza kitu kama mbeleko, mbeleko ya mguu mmoja, yenye kamba pande mbili za kufungia kwenye vyuma vya juu.

"Mishono mipana hiyo," akasema Shangazi kutoka juu.

"Nina haraka, Shangazi."

"Haraka ndiyo iliyokuvunja mguu mwaka ule. Kaza hapo."

Akakaza hapo. Na Shangazi akaweka mkono wake juu ya kilemba kilicholowa, akauacha hapo mpaka uzi ulipoisha.

Safari hii Kobe aliviacha vizibo vyote nje tangu mwanzo. Wakamketisha Shangazi nyuma, juu ya viti viwili vilivyowekwa kimoja juu ya kingine, mguu wa kushoto ukaning'inia kwenye mbeleko yake karibu na paa, umefunikwa, umetulia kama mgeni rasmi. Sindano akasimama chini yake, ameinama, bega lake likiwa nguzo ya mbeleko ile ili isiyumbe.

"Nikikuelemea useme," akasema Shangazi.

"Hujanielemea."

"Mimi ulinielemea. Sikusema tu."

Gari likaingia. Maji yakapanda kupitia matundu, taratibu, bila ugomvi, kama watu wa nyumbani. Yalimfikia Sindano vifundoni, magotini, mapajani, baridi ile ile ya mwanzo, na kila yalipopanda aliyahisi mawe yakigonga chini kwa nguvu zaidi. Mjomba mbele alikuwa akihesabu nguzo za daraja kwa sauti ingawa zilikuwa mbili tu. Katikati, pale walipogeuzwa, gari lilitetemeka, likashika, likaendelea. Kobe aliendesha kama anavyotembea. Hakuna aliyemsema.

Walipopanda ukingo wa upande huu, Kobe alisimama, akaacha maji yamwagike yote. Sindano akaifungua mbeleko polepole, akafunua kipande cha turubai. Bendeji ilikuwa nyeupe. Akaigusa kwa mgongo wa kiganja, juu, chini, nyuma ya kifundo. Akalishusha shavu lake juu yake akaliacha hapo, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimelowa na hakukiamini. Ilikuwa kavu.

"Kavu?" akauliza Mjomba.

"Kavu. Hata habari ni kavu."

Ndipo alipouona mguu wa pili wa Shangazi, ule mzima. Wao walikuwa wameuweka juu ya kiti, umekunjwa vizuri. Sasa ulikuwa unaning'inia chini, kiatu kimevuliwa, na maji yakidondoka kutoka kwenye vidole.

"Shangazi, umelowa."

"Najua. Niliutia mwenyewe."

"Kwa nini?"

Shangazi akautazama mguu wake mzima, akavichezesha vidole.

"Nilitaka kuyasalimu maji," akasema. "Mwaka mzima nimeyasema vibaya, na kumbe ndiyo yaliyotushika chini." Kisha akageukia mbele. "Kobe, twende kwa daktari. Lakini usikimbize gari."